Chora Kwanza

Tumsifu Paluku, darasa la sita,
alikuwa na majibu mengi kuliko wino wake.
Muulize wakati wa mapumziko, atakupa yote:
bei ya mkaa Mugunga na bei yake Birere,
chukudu linavyofungwa breki kwa kisigino,
mlima upi unawaka usiku na upi unajifanya umelala.
Mpe karatasi, anaganda.
Mistari miwili, kisha kufuta, kisha tundu.

"Minajua, mwalimu," aliniambia,
"lakini inatokaka yote mara moja,
kama watu mlangoni siku ya mlima."

Siku ya mlima. Goma huulizi siku ipi.

Ubao wetu ulikuwa umepasuka katikati,
sentensi zikivuka ufa zinapoteza herufi.
Nikawatoa nje, watoto hamsini na wanane,
kwenye uwanja uliomwagikiwa na lava kabla hawajazaliwa,
mweusi, wenye mikunjo kama uji uliosahauliwa chunguni.
Chaki huonekana vizuri pale kuliko ubaoni,
ila jiwe lile lina njaa:
kijiti kizima kwa maneno matatu.

Nikasema: leo hatuandiki. Leo tunachora.
Wazo lako kubwa lizungushie duara.
Linalolizaa, mshale uingie.
Linalozaliwa, mshale utoke.
Msihangaikie uzuri. Mawazo hayavai sare.

Masika alichora soko, lina miguu kama buibui.
Bauma alichora duara tupu, akakaa ndani yake.
Nikamwacha.

Tumsifu aliandika MAJI.
Akainama. Hakufuta kitu.
Kutoka MAJI, mshale: bomba la Majengo.
Kutoka bomba: kavu tangu Pasaka.
Kutoka kavu, mshale mrefu mno,
akitembea kinyumenyume, chaki ikilia,
akiwapitia wenzake katikati ya miguu,
mpaka ziwani, Kituku.
Vidumu viwili vya njano.
Mabega ya dada (hayo hakuyaandika, aliyachora,
moja chini kuliko lingine).
Saa kumi za usiku. Giza.
Dada haendi peke yake.
Basi: mimi.
Mimi: kuchelewa.
Kuchelewa:

hapo chaki ikaisha.
Akaninyooshea kiganja bila kuinua kichwa.
Nikampa yangu.

Kwa chaki yangu akaandika: magoti, nje ya mlango.
Kutoka magoti: somo la kwanza silisikii.
Somo la kwanza: kuandika.
Kisha mshale wa mwisho, umepinda kama mkia wa mbwa,
ukarudi ulikoanzia, pembeni ya jina lake:
sijui kuandika.

Ratiba niliipanga mimi.
Kuandika kwanza, vichwa vikiwa bado baridi,
hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli,
kwa kichwa kilicholala.
Nilikuwa nimesimama juu ya "giza", nikasogeza kiatu.
Nilijitafuta katika mchoro ule, duara kwa duara.
Simo.
Mlango upo. Anayeufunga hakumwandika.
Mtoto ana adabu.

Mvua ya saa nane ilifuta kila kitu:
soko, vidumu, duara la Bauma.
Maji ya bure, yanateremka uwanjani,
na mimi sina hata sufuria ya kukinga.

Usiku nilijaribu wangu, nyuma ya karatasi ya mahudhurio.
Katikati niliandika TUMSIFU, nikalikata.
Nikaandika MLANGO.
Mishale iliyotoka humo siwaonyeshi.

Sasa kuandika ni saa ya tatu.
Bomba la Majengo bado kavu; hilo chaki haliwezi.
Yeye bado anachelewa, anaingia kimya, anakaa,
anachora kwanza kwenye paja, kwa kidole,
halafu anashika kalamu.

Wiki iliyopita alinipa ukurasa mmoja na nusu,
hauna koma hata moja, umelowa pembeni.
Nilitegemea uanze na maji.
Umeanza hivi:
Mabega ya dada yangu hayalingani